Waya wa Kuanikia

Nabalayo alishona sare za shule katika kibanda cha mabati alichokodi nyuma ya nyumba ya Bedan, mtaani Mowlem. Hakumwogopa Bedan mwenyewe. Alichoogopa ni waya wa stima ulioleta umeme kibandani. Bedan aliutoa dirishani kwake kwa mikono yake, akauning'iniza uani usawa wa kichwa, akaupenyeza kwenye tundu la bati lenye makali, kisha ndani akaubana ukutani kwa misumari iliyokunjwa.

"Baba Shirleen, utie basi waya kwenye paipu," Nabalayo alimwomba zaidi ya mara moja.

"Mama Austine, wewe ni fundi wa nguo. Shona nguo."

Asubuhi moja mke wa Bedan alileta mwanamke wa kufua, Kavutha. Alipouliza pa kuanika, akajibiwa, "Kwa waya." Uani mlikuwa na nyaya mbili. Wa nguo ulishajaa shuka, kwa hivyo Kavutha akatundika suruali nzito, zikichuruzika maji, kwenye ule mwingine. Waya ukavutika, makali ya bati yakala mpira wake, na Nabalayo, aliyeegemea ukuta wa bati akipiga pasi, akarushwa chini na stima kama gunia.

Alipoweza kusimama, aliingia nyumba kubwa bila hodi, akazima swichi kuu.

"Nani amezima stima?" Bedan alifoka toka kwenye kochi. "Wewe! Umeingia kwangu kwa ruhusa ya nani?"

"Ukuta wako umenipiga."

"Ni hiyo pasi yako mbovu! Na huyo wa kufua hana macho?"

"Aliambiwa waya. Akaona waya."

"Washa!"

"Nitawasha. Nenda ushike bati kwanza, halafu uniite."

Bedan alitoka akinguruma mpaka kibandani, akanyoosha mkono. Mkewe na Kavutha walikuwa wakimtazama. Mkono ukasimama hewani, kisha ukaenda kukuna shingo.

"Umeshika?" Nabalayo aliita kutoka dirishani.

Bedan akamgeukia mkewe. "Mwite fundi wa stima."

Jioni fundi wa stima aliweka waya mpya ndani ya paipu, juu kabisa mahali nguo hazifiki, akavisha tundu mpira, akapigilia ubao ukutani ili paipu ishikwe kwenye ubao badala ya bati, na kuliunganisha bati na waya wa kwenda ardhini. Bedan alisimama pale amenuna.

"Mwezi ukiisha, uhame."

"Nitahama," Nabalayo alisema, akikunja kitambaa. "Nikitembea. Wewe ulitaka nibebwe."