Masika Wawili, Nyumba Moja

Juzi, sokoni Butembo, mama mmoja aliita "Masika!" kwa ile sauti ya kuvuta ya akina mama wa kwetu, na wanawake kibao tukageuka mara moja. Mimi nilikuwa na mfuko wa viazi mkononi. Aliyeitwa alikuwa msichana tu wa kuuza vitunguu, naye alikimbia kuitika huku sisi wengine tukichekana. Nilicheka nao, lakini moyoni ile sauti ilikuwa imenirudisha mbali, kwenye wikiendi moja ya utoto wangu ambapo jina hilo liliniuma kama jino bovu.

Kwetu Wanande jina halichaguliwi. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu Kavugho, na kuendelea hivyo hadi tumbo lichoke. Wavulana wana foleni yao. Kwa hiyo mama mmoja hawezi kuwa na Masika wawili, na mimi nililijua hilo vizuri, nikaringa nalo.

Kisha vikaja vita vya pili vya nchi yetu. Baba alikuwa akipeleka kahawa Kasese, ng'ambo ya mpaka, kwa rafiki yake Mkonzo ambaye lugha yake na yetu ni ndugu. Milimani kwa rafiki yake kulikuwa na waasi. Kwetu kulikuwa na waasi pia, na juu yao wanajeshi wa nchi ya huyo huyo rafiki. Kila mmoja akaamini kwamba kwa mwenzake kuna afadhali, basi wakabadilishana mabinti: mimi niende Kasese nijifunze Kiingereza, wa kwake aje Butembo ajifunze Kifaransa. Wa kwake naye aliitwa Masika, maana Wakonzo na sisi tunahesabu watoto kwa namna moja. Baba aliliona jambo hilo la kuchekesha mno. "Natoa Masika, napokea Masika," alisema, akapiga paja. Mimi sikucheka.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa huko kwa muda tayari habari ilipofika kwamba mama amejifungua mtoto wa kike, na ubatizo ni Jumapili. Ijumaa, na sare ya shule bado mwilini, nikapanda lori la Papa Ramazani, Mwislamu wa Beni aliyembebea baba mizigo yake. Tulilala kwake, mtaani Mulekera, mkewe akaninywesha chai ya tangawizi. Jumamosi asubuhi tukashika njia ya Butembo, tukisimama kwenye kila kizuizi ili waasi wachungulie na kuuliza maswali kwa Kilingala. Mimi sikuwasikia. Nilikuwa nikipanga kichwani jinsi mama atakavyotupa mwiko, atoke mbio, anikumbatie mbele ya majirani.

Aliyefungua mlango ni Masika wa Kasese. Alikuwa amejifunga kitenge changu.

"Karibu, mugeni," alisema. "Ingia, hapana ogopa."

Mgeni! Mlango wenyewe ni ule niliouchora kwa makaa nikachapwa, na alama zangu bado zilikuwapo.

Mama alinikumbatia, ndiyo, lakini kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa umeshika mtoto. Akasema nimenenepa. Kabla sijakaa vizuri akaita, macho yake yakiwa kwenye sufuria, "Masika, leta mayi!" Tukasimama wawili kufuata maji.

"Hapana wewe, ule mwingine."

Nilirudi kukaa. Tangu lini mimi nilikuwa na mwingine?

Siku nzima ilikuwa kazi juu ya kazi. Viazi vya Musienene vya kumenya, kuku wa kunyonyoa, maharage ya kuchambua, masufuria makubwa ya kuazima kwa jirani. Na huyo msichana alijua kila kitu. Alijua jirani yupi ana sufuria isiyovuja, alijua kwamba mama hapendi sombe, mboga ya majani ya muhogo, yenye vijiti, alijua kisu chetu kikali kinafichwa wapi. Alisema Kiswahili cha kwetu na "mais" na "donc" za Kifaransa ndani yake, kana kwamba amezaliwa nyuma ya kanisa. Ulimi wangu mimi ulikuwa umeharibika: nilimkanyaga kuku nikamwambia "sori," na jiko zima likaangua kicheko. Mama naye alicheka. Nilimenya viazi kwa hasira, maganda manene, nusu ya kiazi ikaenda kwa mbuzi.

Jioni ndipo nilipopewa mtoto nimshike. Alikuwa mwepesi, ananukia maziwa.

"Anaitwa nani?" niliuliza, ingawa nililijua jibu. Baada ya Masika ni Kavira.

"Kavugho," mama alisema, bila kuinua uso.

Nilihesabu kwa vidole. Wa kwanza mimi. Wa pili? Nikahesabu tena. Msichana mwingine wa nyumba hiyo alikuwa uani, akisuuza sahani na kuimba. Basi wamemhesabu! Kwa akili ya kawaida ningekumbuka kwamba jina hufuata tumbo la mama, si kitanda anacholalia mtu. Lakini siku ile sikuwa na akili, nilikuwa na wivu.

Nilimfuata bibi yangu, tuliyemwita Mukaka, penye moto. "Mukaka, juu ya nini si Kavira?"

Alitazama kwanza upande wa mama, kisha akanitia mwiko mkononi. "Koroga maharagi. Hayo ni maneno ya bakubwa."

Kwangu huo ulikuwa ushahidi kamili.

Jumapili kanisa lilijaa. Tulisimama mbele, baba, mama na mtoto, Mukaka, mimi, na huyo mwenzangu amevaa gauni jipya. Padri akauliza, kama wanavyouliza siku zote, "Mutoto huyu munamupa jina gani?"

Baba alifungua mdomo. Mimi nilimtangulia.

"Kavira!"

Nilipiga kelele kweli kweli, hadi waliokaa nyuma wakanyanyuka. Mukaka alinifinya bega kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Padri alimtazama mama, akangoja. Mama alimvuta mtoto kifuani, kisha akasema, kwa sauti iliyopasuka, "Kavugho. Kavugho Espérance." Maji yakamwagwa, mtoto akalia, na mama naye akalia, machozi yanashuka na hayafuti.

Nilingoja kuchapwa. Badala yake, tulipotoka nje, mama aliniwekea mtoto mikononi, mimi, si mwingine. Nikambeba hadi nyumbani kidevu juu. Nilijua nimeshinda.

Masika wa Kasese alitembea kando yangu, ametushikia mwavuli kwa ajili ya jua. Baadaye akaniuliza polepole, "Kule kwetu, mama yangu ananiuliziaka?"

Nikasema ndiyo, kila siku. Sikumwambia kwamba mama yake akiita "Masika" ninaitika mimi, nakula matoke yake, na kwamba hadi dakika ile sikuwa nimeona ubaya wowote. Jumatatu nilipanda tena lori.

Miaka mingi baadaye nilijifungua binti wangu wa kwanza, naye bila shaka ni Masika. Mama alikuja kunikanda kwa maji ya moto. Akiwa anakamua kitambaa, alianza kusema, hajanitazama. Vita vya kwanza, mimi nikiwa mdogo, nimeachwa Musienene kwa Mukaka, yeye alikimbilia mashamba ya Kalunguta na tumbo lake. Akazaa migombani mtoto wa kike.

"Alifungua macho, akaangalia jua. Njo mwisho yake," alisema. "Hakukuwa padri, hakukuwa mutu. Tulimuzika palepale, tukaendelea kukimbia."

Sikuhitaji kuuliza jina. Hesabu ilikuwa wazi mbele yangu, na vidole vyangu vya utotoni vikaniaibisha. Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha kwa kelele zangu za kanisani.

Mama alishangaa. "Weye unafikiri nilikasirika? Mwanangu, hakuna mutu alipata kuita ile jina kwa sauti. Mimi mwenyewe nilishindwa. Na wewe ukaliita ndani ya kanisa, mbele ya Padri na bantu bote. Nilisema, eh, na Kavira amefika."

Akaendelea kunikanda. Siku ile mimi nilipiga kelele ili nimtoe mtu katika hesabu ya nyumba yetu, na mama alisikia mtu akiingizwa.