Mama Zamu, Aliyeziba Mfereji kwa Mgongo

Alizaliwa mwaka 1931, binti wa mchimba mifereji, akabatizwa siku hiyohiyo kwa kuwa hakuna aliyedhani angeuona mwezi wa pili. Aliuona, tena kwa ukaidi. Alipofiwa na mumewe, wakulima wa parokia walimkabidhi kazi ya kugawa maji, kwa maana hakujua kupendelea. Walimtania kwamba hata malaika akija na ndoo, Mama Zamu atamwambia asubiri zamu yake.

Ukame wa 1965 ndio uliompima. Maji ya mfereji hayakuzidi kifundo cha mguu, na Ijumaa moja ilikuwa zamu ya mjane wa mkiani, mwisho wa mfereji, mwenye watoto sita na mahindi yaliyokuwa yakichanua. Mahindi yakikosa maji wakati huo hayabebi, kila mkulima anajua. Kulipokucha, kaka yake Mama Zamu, mwenye shamba la juu, alikuja na jembe akabomoa ukingo ili ageuzie maji kwake. Dada mtu akashuka mferejini, akaketi kwenye tundu lile, akaliziba kwa mgongo.

"Toka, mdogo wangu. Vitunguu vyangu vinakufa."

"Zamu yako kesho, kaka."

"Kesho nitavuna vumbi? Si tumenyonya ziwa moja sisi?"

"Tumenyonya. Ndiyo maana nimekaa mwenyewe, sikuita watu. Ukitaka kupiga, piga."

Jembe lilipanda juu. Mama Zamu alifumba macho akaanza Salamu Maria, kwa maana aliogopa sana. Jembe likaanguka kwenye tope, shubiri moja kutoka begani kwake. Alikaa majini hadi adhuhuri. Mjane alivuna, vitunguu vilikufa, na kaka yake hakumsemesha kwa miaka kumi na mmoja.

Baridi ya siku ile haikumtoka kifuani. Mwaka 1976, ukame mwingine ukiwa umeshika, aliugua akalala kitandani asiweze kuinuka. Kaka yake akaja, akasimama mlangoni. "Maji yamefika mkiani?" mgonjwa akauliza. Hayakuwa yamefika, siku ile zamu ilikuwa ya kaka mwenyewe. Akatoka, akafunga maji ya shamba lake, akayafuata hadi kwa mjane, akarudi na tope magotini.

"Yamefika, mdogo wangu."

Mama Zamu akafa jioni hiyo, kaka yake amemshika mkono.

Wapo wanaosimulia kwamba ukingo ule haujavuja tena. Huenda. Mimi nilimwona kaka yake akizeeka akigawa maji, na kila asubuhi akianzia mkiani. Tufanye vivyo hivyo, hasa sisi tulio juu ya mfereji.