Hatua za Mama Leonida

Mpiga piano wa kanisa la Nyamisangura, ambaye wote humwita Mwalimu, ana vidole vinene visivyotulia. Hupapasa meza, goti, hata mkate, vikitafuta sauti. Wiki hiyo alikuwa ametunga kipande chepesi cha kuchekesha: mkono wa kulia unarukaruka, wa kushoto unajiburuta. Alikuwa akikipiga huku akicheka peke yake, mara Mama Leonida, mfagiaji anayechechemea, akasimama mlangoni.

“Mwalimu, huyo si mimi natembea?”

Mwalimu uso ulimwaka moto. Alitaka kukana, akaghairi. “Nisamehe, mama.”

Mama Leonida aliegemeza ufagio ukutani, akavuka kanisa taratibu, hatua kwa hatua, ili amwonyeshe.

“Umekosea. Mguu wangu mbovu ni wa kulia. Haya, angalia vizuri.”

Mwalimu akashindwa kuinua macho.