Sakafu Iliyolia

Mwamba wa Tororo ni mkubwa kiasi kwamba ng'ombe wote wa Uganda wakishikana mikia hawawezi kuuzunguka. Kwetu ni kijiji cha Mella, na mama alikuwa akienda hadi chini ya mwamba huo kuchota udongo wa kusiriba sakafu. Aliukanda na kinyesi cha ng'ombe, akapaka kwa kiganja, akaacha alama za vidole zilizopinda chumba kizima. Tangu tumzike, ninayezikanyaga ni mimi tu.

Mwaka jana walipita wapimaji wa udongo na kidude chao cha kunusa mionzi. Kwenye shamba la jirani kilikohoa kidogo. Ndani kwangu kikalia kama kuku aliyetaga mayai mia. Mimi sikushangaa, maana shule ya jioni ilinifikisha karibu na mwezi: huu mwamba ni volkano iliyozimika, mawe yake yalipanda kutoka chini kabisa yakiwa na madini yenye mionzi. Mvua inayamung'unya, udongo unayarithi. Mpimaji akasema ni kidogo, nilale tu.

Majirani hawakungoja aseme hilo la mwisho. Waliozoea kuingia kunywa chai sasa wanasimama uani, wananyoosha mkono kupokea kikombe.

Habari ikavuka mpaka hadi Busia ya Kenya, alikoolewa dada yangu. Alikuwa ameahidi kuja Krismasi na watoto, na nilishanunua mkeka wa kulaza jeshi. Akapiga simu.

"Wewe, ng'oa hiyo sakafu umwage simiti. Ndipo tutakuja."

"Dada, simiti nayo inatoka wapi? Si ni mawe ya mwamba huohuo wanasaga!"

Akacheka sana. "Wewe na shule yako ya jioni!" Nikasikia malori yakinguruma upande wake.

"Si mambo ya mionzi," akasema. "Siwezi kukanyaga vidole vya mama."

"Imeanza kupasuka mlangoni. Njoo basi tuisiribe pamoja."

"Siriba tu, mdogo wangu."

Asubuhi nikaenda na ndoo chini ya mwamba. Alama zangu zilitoka ovyo, kama mamba amepita akitafuta maji. Nilisiriba kuanzia mlangoni, nikaja kusimama karibu na kitanda. Kipande cha sakafu kilichobaki hadi ukutani, chenye vidole vya mama, sikukigusa.

Krismasi ilikuta sakafu imekauka vizuri. Mkeka bado umesimama ukutani, haujakunjuliwa.