Siku Nilipomtoa Elia kwa Simu

Kuna watu hapa Buffalo, Amerika, ambao mpaka leo wakiniona nimebeba kiti wananiuliza nani kafa, na mimi hucheka nao kwa kuwa sina la kufanya, ila moyoni kunauma. Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana nimewahi kukisikia kisa hiki kikisimuliwa na mtu ambaye hata hakuwepo, tena akakitia chumvi, wakati aibu yenyewe ilikuwa inatosha kama ilivyo.

Mwaka huo wa 2015 nilikuwa nafanya kazi ghalani, napanga maboksi na mzungu mmoja mtu mzima aitwaye Greg, ambaye dini yake ni hoki, ule mchezo wa fimbo na barafu. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, barafu nilikuwa naijua kwenye soda tu, lakini ukikaa na Greg majira yote ya baridi, redio inasema hoki na chakula cha mchana ni hoki, mwisho nawe unaambukizwa. Kilichonishika haukuwa mchezo wenyewe (kile kidude wanachokikimbiza mpaka leo sikioni vizuri), ni ujanja wa wakubwa wa timu. Greg alinifundisha kwamba kuna kikomo cha mishahara: ukijumlisha mishahara ya wachezaji wako wote isipite hapo, hata mwenye timu awe tajiri namna gani, kwa hiyo ukitaka kumleta mtu mzito na umeshafika kikomo, lazima mzito mwingine atoke. Na kuna siku moja baridi ikielekea mwisho ambapo saa ikigonga, mlango wa kubadilishana wachezaji unafungwa, na siku hiyo mtu anaamka akiwa wa Buffalo na jua linazama yeye ni wa mji mwingine.

Nilimuuliza Greg kama mwenyewe anaulizwa kwanza. Akasema wengi hawaulizwi, wanapigiwa simu mambo yameshakwisha, wanafunga mizigo siku hiyo hiyo. Nami nikaona huo ndio uongozi.

Sasa, mimi nilikuwa katibu wa timu ya mpira ya kanisa letu. Kila kiangazi makanisa ya watu wetu wa Buffalo, Columbus na Louisville hukutana Columbus, kwenye uwanja mmoja upande wa Clintonville, mchana mpira na jioni kwaya, na kila mara kombe linabaki pale pale Columbus kwa sababu wanaokota vijana wa Ohio nzima. Nikapeleka hoja kwenye mkutano wa viongozi wa miji yote mitatu: kila mchezaji apewe uzito kulingana na uwezo wake, jumla ya timu isizidi kikomo, na kubadilishana wachezaji kuwe na siku ya mwisho, Ijumaa fulani saa kumi na mbili jioni. Walikubali (nadhani nusu yao walikubali ili ninyamaze). Tena niliwaeleza kwa madaha, nikiwa nimeegemea meza ya mchungaji, kwamba kwenye hoki mtu akitolewa ametoka kweli, anahamia kule alikopelekwa, hakuna mguu huku na mguu huku.

Mambo yakawa mazuri mpaka alipoletwa Fabrice, mshambuliaji mpya kutoka kambini, kijana wa miguu ya ajabu, na alipopewa uzito wake sisi tukawa tumepita kikomo. Mtu mzito mmoja lazima aende. Wazito wetu walikuwa watatu: mpwa wa mchungaji (huyo ukimgusa Jumapili utahubiriwa wewe), beki wetu mmoja mwenye hasira, na Elia, mlinda mlango.

Elia na mama yake wametoka milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, na walikuwa wanakaa mtaa wa Lower West Side, nyumba inayotazamana na yangu. Nilipofika Amerika peke yangu, sina ndugu wala koti la maana, ni Elia aliyevuka barabara na blanketi mkononi akasema mama amenituma, na tangu siku hiyo nikawa nakula kwao, nikaitwa mwanangu. Mama huyo tunamwita Mama Sadoki kwa jina la kifungua mimba wake, ambaye walipotezana naye wakati wa kukimbia vita, na hakuna aliyejua kama yu hai. Hakuwa anamzungumzia, lakini simu ikilia asubuhi mapema yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuikimbilia.

Nikamchagua Elia. Niseme ukweli, nilimchagua kwa sababu nilijua hatanung'unika, na mtu asiyenung'unika ndiye anayebebeshwa. Louisville hawakuwa na mlinda mlango wa maana, wakakubali kumchukua na kutupatia kipa wao wa akiba, mwepesi kwa uzito (na kwa mikono pia, tulikuja kugundua). Wazee walitufundisha usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nilishaacha mbachao kwa simu moja, siku ya Ijumaa, kabla mlango haujafungwa. Nilimpigia Mzee Rubeni, Mkongo anayeongoza timu ya Louisville, nikamwambia kwa sauti nzito, "Mzee, tumewapa Elia." Akasema, "Bon, Katibu, tunashukuru sana. Ni mutoto mukubwa mulitupatia." Nikakata simu nikiwa nimejaa kifua. Elia nilipanga kumwambia Jumamosi jioni mazoezini. Kwenye hoki ndivyo wanavyofanya.

Jumamosi mchana nilikuwa Grant Street natafuta unga wa ugali, simu ikalia, jirani mmoja anasema, "Katibu, kimbia, kuna msiba kwa Mama Sadoki, wazee wamekuja na suti kutoka mbali, mama analia hata kusimama hawezi." Nyote mnajua kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa simu, wanatumwa wazee, wanavaa, wanakwenda, wanakaa, ndipo mmoja anasema. Sikuuliza wazee gani. Nikasema moyoni, Sadoki.

Na hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, kwa sababu mimi ni katibu na katibu hufanya kazi. Nikampigia mchungaji, nikampigia kiongozi wa kwaya, nikanunua sukari na mikate, nikafungua kanisa nikatoa viti, nikatuma ujumbe kwenye kundi la simu la kanisa zima kwamba tumempoteza ndugu yetu Sadoki, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Tulipofika mtaani tulikuwa msafara, akina mama wamejifunga vitenge, kwaya inaanza wimbo tangu barabarani, na mimi mbele nimebeba viti viwili.

Ndani nilimkuta Mama Sadoki sakafuni, kitambaa cha kichwa kimeanguka, analia kwa sauti ambayo sijui niielezeje, sauti ya mtu aliyejizuia miaka mingi. Kwenye kochi wamekaa wanaume wanne wa suti, vichwa chini, na mbele yao kreti mbili za soda na kitenge kipya kimekunjwa vizuri. Sikuitilia maanani ile soda, na msibani nani analeta kitenge kipya? Nikasimama katikati, nikainua mkono, nikaanza kuomba kwa ajili ya marehemu, nikataja jina lake kamili, nikamsifu, na sauti yangu ikakatika kwa machozi ya kweli.

Mzee mmoja akanishika koti taratibu. Alikuwa Mzee Rubeni.

"Katibu," akasema, "huyo Sadoki alikufa lini?"

Nikamwambia, "Si nyinyi mmeleta habari, mzee?"

"Hapana. Siye hatuna habari ya Sadoki. Tulikuya kumupokea Elia. Tulifika, tukasalimia, mama akatuangalia akaanza kulia, tukajua ni uchungu wa kuachana na mutoto. Mama akilia hatumukatize. Donc tulikuwa tunangoja amalize."

Mama Sadoki akainuka akakaa, akamshika Mzee Rubeni mguu. "Sadoki ni muzima?" Mzee akasema, "Mama, sijue. Mungu anajua. Lakini siye hatukuleta kifo." Mama akarudia kuuliza, na mzee akarudia kujibu vile vile, mpaka pumzi ya mama ikatulia. Kisha akageuza uso akanitazama mimi, na viti vyangu.

"Na Elia alifanya nini?"

Ndugu zangu, nimewahi kuhojiwa na maofisa wa kila namna, kambini na uwanja wa ndege, lakini sijawahi kubanwa kama siku ile. Nilianza kueleza kikomo. Nikaeleza uzito, nikaeleza Fabrice, nikaeleza siku ya mwisho, na mbele ya wale akina mama waliokuja kulia na Mama Sadoki kila neno lilikuwa linatoka dogo kuliko lililotangulia. Nikamwambia Mzee Rubeni kwamba ilikuwa ni kwa mashindano tu, siku mbili za mpira. Akanijibu bila hasira, "Ni weye ulitufundisha ku ile mukutano. Ulisema mutu anatoka kabisa, anafunga mizigo. Tulimutafutia kitanda. Tulimutafutia na kazi. Mutu akikupa mutoto wake, unaendaka ku mama yake kushukuru."

Mama Sadoki akaniuliza tena, polepole, kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Ulibapatia mutoto wangu juu ya hesabu?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Nisamehe."

Wakati huo huo Elia akaingia, amevaa sare ya kazi yake ya kuhudumia wazee. Alikuwa ameusoma ujumbe wangu kwenye basi. Macho mekundu, alikuwa ameshamlilia kaka yake njia nzima, na ikabidi mimi, kwa mdomo wangu, nimwambie kwamba hakuna habari ya kifo cha Sadoki, hatujui lolote, ni mimi niliyezusha, tena ni mimi niliyemtoa yeye kwa Louisville. Alikaa kwenye kimoja cha viti nilivyoleta. Hakunitukana. Alimgeukia Mzee Rubeni akamuuliza kama wametoka Louisville wote wanne kwa ajili yake, na mzee akasema ndiyo, walipokezana usukani. Elia akaangalia zile soda, akaangalia kile kitenge, halafu akaniambia:

"Hawa batu balikamata njia yote ya Louisville juu yangu. Weye haukuvuka ata barabara."

Mchungaji alifunga kwa sala, soda zikanywewa kwa sababu zisingerudi Louisville, na wageni wakalala kwa mchungaji. Watu walipotoka walinipa mkono mmoja mmoja, wengine wakijizuia kucheka, na mimi nikaona afadhali wangecheka.

Nilikuwa nadhani yataishia pale, lakini Elia alikwenda. Kwanza alikwenda kuwadakia Louisville kwenye mashindano kule Columbus (sisi tulifungwa mechi zote, Fabrice analia, kipa wetu mwepesi anaokota mipira nyavuni), na kiangazi kilipokwisha akahamia kabisa, na mama yake akamfuata. Nilisaidia kubeba godoro lao ngazini. Pale mlangoni Mama Sadoki alinishika shavu akasema, "Mie sikukasirika juu ya mupira. Ungekuya jikoni, ungesema, mama, nataka kumutoa Elia. Ningekupikia, tungeongea, na pengine ningesema ndiyo." Nililia hapo hapo nikiwa na godoro begani.

Ukatibu niliuacha. Niliapa kwamba sitaamua tena jambo la mtu kabla sijakaa kwao nikasema naye uso kwa uso, na mpaka sasa kiapo hicho sijakivunja. Elia tunapigiana simu, amenisamehe zamani, lakini akisema nyumbani anamaanisha Louisville. Ile nyumba yao imeshaingia wapangaji wengine, watu wazuri, hatujuani sana. Jioni nikirudi kazini husimama kidogo mlangoni kwangu nikiutazama mlango wao. Ni barabara moja tu katikati, nyembamba, na haina magari mengi.