Betri Juani

Sokoni Magwagwa, muuzaji aliniwashia redio kaseti kuukuu. Ukatoka ule wimbo wa kantri wa Kizungu unaovuma sasa, mwanamume akimlilia mke aliyemwacha. Akapandisha bei kwa kuwa wimbo ni mtamu. Nikamwambia aishushe kwa sababu hiyo hiyo. Nilipofungua mgongo wa redio, harufu ya betri zilizovuja ikanirudisha utotoni.

Mama alikuwa amerudi kwao Nyamarambe. Desturi ni mume aende akamwombe. Asipoenda, mke harudi. Baba alikaa mlangoni na kaseti ya kantri kama hiyo, kamasi zikimdondokea kwenye ugali.

“Huyo mzungu analilia wake,” Nyanya, mamake Baba, alimwambia. “Wako yuko hapo Nyamarambe tu. Si uende!”

“Wimbo ukiisha, mama.”

Wimbo haukuisha, betri ziliisha. Badala ya kuvaa viatu, akazianika juani kama mahindi, zipate nguvu za kulia tena.

Jioni Mama alikuja mwenyewe. Hakusalimu mtu. Alianua nguo zetu kambani, akatushika mikono, mimi na dada, akituambia twende naye.

Baba alimwashiria anyamaze. Betri zilikuwa zimepata nguvu, na wimbo ulikuwa umefika pale patamu.