Shemeji Aliyewazibia Panya Ukutani

Mshona nguo mmoja, mjane mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, alichoshwa na panya. Walikimbizana ndani ya ukuta wa mbao mchana kutwa, hadi wateja wakawa wanakunja miguu kitini.

Shemeji yake, bingwa wa kila kazi ambayo hajawahi kuifanya, akaja na saruji, akaziba matundu yote.

"Watakufa njaa, shemeji. Utanishukuru."

Kweli walikufa. Baada ya wiki moja chumba kilinuka hata bibi harusi akakataa kuingia kujaribu gauni lake.

"Hiyo ni harufu ya mtaro," shemeji akasema, leso puani.

"Mtaro ndani ya ukuta wangu? Shika nyundo, bwana fundi, ubomoe!"

Aling'oa ubao mmoja tu. Panya mmoja aliyesalia akachomoka, na bingwa wetu akaparamia meza ya kukatia vitambaa, akipiga mayowe.

Mjane alimtazama, akasonya, akazibua matundu, akazoa mizoga mwenyewe na kutega mitego mitatu. Matundu aliyaziba tena baadaye, ukuta ulipokuwa kimya kabisa. Siku hizi shemeji humsalimia kutoka barabarani, kisha huongeza mwendo.